Kutoka Khondros hadi Gegedu: Historia ya Tishu na Majina Yake

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna wanadamu walivyoijua na kuipa majina tishu ambayo Kiswahili huiita gegedu, kuanzia Ugiriki ya kale, kupitia utabibu wa Kiarabu na maabara za Ulaya, hadi kamusi za istilahi za Kiswahili. Hoja inayojengwa ni kwamba kwa zaidi ya miaka elfu mbili gegedu lilitazamwa kama mfupa ambao haujakomaa, na kwamba sayansi iliondokana na mtazamo huo hatua kwa hatua. Hata hivyo, mtazamo huo ungali hai katika fasili ya mazoea isemayo kuwa gegedu ni "mfupa laini". Makala yanaonesha kwa nini fasili hiyo ina madhara kwa mwanafunzi, kwa mgonjwa na kwa mwanaisimu, na yanapendekeza njia ya kuirekebisha.

1.0 Utangulizi

Mlaji wa nyama anayefika kwenye ncha ya mfupa wa kuku hulijua gegedu kwa meno kabla ya kulijua kwa jina. Ni jeupe, linateleza, linatafunika, wala halivuji damu. Wapo wanaoliita mfupa laini, na wapo wanaoliita mfupa wa kutafuna. Majina hayo yanatosha mezani. Swali ni kama yanatosha darasani na katika chumba cha daktari.

Wanaisimu wana sababu ya pekee ya kuuliza swali hili. Kila sauti ghuna ya Kiswahili hutokana na mtetemo wa nyuzi sauti, nazo nyuzi sauti zimeshikizwa kwenye magegedu ya koromeo. Kwa upande wa mbele zimeshikamana na gegedu kubwa lenye umbo la ngao, ambalo kwa wanaume huonekana shingoni kama kikoromeo. Kwa upande wa nyuma zimeshikamana na magegedu mawili madogo yanayozunguka na kuteleza, yakizifungua na kuzifunga. Mwanafunzi wa fonetiki anayeeleza tofauti ya /p/ na /b/ anazungumzia kazi ya magegedu, hata asipoyataja.

2.0 Chenga, ngao na upawa

Katika Kigiriki cha kale tishu hii iliitwa khondros. Neno hilo hilo lilitaja pia punje ya nafaka iliyopondwa, yaani kile ambacho Mswahili angekiita chenga. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliwaweka papa na taa katika kundi la samaki ambao kiunzi chao ni cha khondros badala ya mfupa. Wavuvi wa mwambao wa Afrika Mashariki wanaipata tofauti hiyo kila wanapompasua papa: kisu kinapita mahali ambapo kwa changu kingekwama.

Aristotle alidai kwamba mfupa na gegedu vina asili moja, na kwamba vinatofautiana kwa kuzidiana tu. Kwa maneno mengine, gegedu ni mfupa uliopungukiwa ugumu. Papo hapo alisema kwamba gegedu likikatwa halioti tena. Madai hayo mawili yalirithiwa pamoja, lakini hatima yake ikawa tofauti. La kwanza lilikuja kukanushwa. La pili lingali linawasumbua madaktari hadi leo.

Galen wa Pergamon, katika karne ya 2 baada ya Kristo, ndiye aliyeyachunguza kwa undani magegedu ya koromeo. Alipasua nguruwe na nyani, na akaonesha hadharani kwamba neva fulani za shingo zikikatwa, nguruwe anayelia hunyamaza. Alitambua magegedu matatu. La kwanza alilifananisha na ngao, na la tatu alilifananisha na upawa wa kumiminia. La pili hakulipa jina. Lilibaki likitajwa kuwa ni lile lisilo na jina. Baadaye sana ndipo lilipoitwa kwa neno la Kigiriki lenye maana ya pete, kwa kuwa umbo lake ni kama pete yenye muhuri: jembamba mbele, pana nyuma.

3.0 Ghudhruf: gegedu katika utabibu wa Kiarabu

Maandiko ya Galen yalihamia katika Kiarabu hasa katika karne ya 9, kwa kazi ya watafsiri wa Baghdad, akiwamo Hunayn ibn Ishaq. Tishu yenyewe ikaitwa ghudhruf. Ibn Sina (980–1037), katika kitabu chake cha tiba kiitwacho al-Qanun, alikitaja kiungo hiki mara baada ya mfupa. Alieleza kuwa ni laini kuliko mfupa, hivyo hupindika, na ni kigumu kuliko viungo vingine. Kisha akaeleza faida yake: ni mpatanishi. Kipo ili kigumu na laini visikutane ghafla bila cha kuvitenganisha, laini kisije kikaumizwa na kigumu, hasa wakati wa kipigo na mgandamizo.

Maelezo hayo yanatofautiana na ya Aristotle kwa jambo la msingi. Aristotle alipima gegedu kwa kiasi cha ugumu. Ibn Sina alilipima kwa kazi. Kwake gegedu ni kiungo kilichowekwa mahali pake kwa sababu maalumu, wala si mfupa ulioishia njiani.

Ibn Sina aliyaeleza pia magegedu matatu ya koromeo, na la pili akaendelea kulitaja kuwa ni lile lisilo na jina. Pengo la istilahi la Kigiriki lilitafsiriwa kwa uaminifu pamoja na maarifa yenyewe. Tena, katika risala yake fupi kuhusu sababu za kutokea kwa herufi, alitenga sura nzima kwa anatomia ya koromeo na ulimi kabla ya kueleza jinsi kila sauti ya Kiarabu inavyotamkwa. Kwa hiyo historia ya fonetiki na historia ya gegedu zilikutana katika kalamu moja takriban miaka elfu moja iliyopita.

4.0 Fumbo la mfupa unaorefuka

Huko Ulaya, swali lililowashughulisha wataalamu wa karne ya 18 lilikuwa la ukuaji. Mifupa ya kijusi huanza ikiwa gegedu, na mtu mzima ana mifupa. Je, gegedu hugeuka kuwa mfupa kama udongo unavyogeuka kuwa tofali?

Mwaka 1727 Mwingereza Stephen Hales alieleza jaribio rahisi. Alitoboa matundu mawili katika mfupa wa mguu wa kifaranga, akapima umbali kati yake, kisha akamwacha akue. Mfupa ulirefuka sana, lakini umbali kati ya matundu haukubadilika. Maana yake ni kwamba mfupa haukunyooka kama mpira unaovutwa. Ulirefuka kwenye ncha zake. John Hunter naye alifanya majaribio ya namna hiyo baadaye katika karne hiyo na kufikia jibu lile lile.

Mwaka 1736 Robert Nesbitt alichapisha mihadhara miwili mjini London akipinga wazo kwamba mfupa ni gegedu lililokauka. Alisema kuwa chembe za mfupa huwekwa upya, na kwamba baadhi ya mifupa hutokea ndani ya utando bila kupitia gegedu kabisa. Miaka michache baadaye, mwaka 1743, William Hunter, kaka yake John, alieleza muundo wa gegedu la viungo katika jarida la Royal Society. Alisema nyuzi zake zimesimama wima juu ya mfupa kama vile vinyweleo vya kitambaa cha mahameli. Alikumbusha pia kwamba tangu zama za Hippocrates gegedu lililochimbika lilijulikana kuwa ni ugonjwa msumbufu, na kwamba likishaharibika halirudi.

Jibu la fumbo la ukuaji limo katika tofauti ya umbile. Mfupa ni mgumu, na seli zake zimefungwa katika madini. Hauwezi kutanuka kutoka ndani. Unaongezeka kwa tabaka juu ya uso wake tu. Gegedu lina namna mbili za kukua. Huongezeka kwa nje, pale utando unaolizunguka unapozalisha seli mpya, na huongezeka kwa ndani, pale seli zake zinapogawanyika na kusukumana, kwa kuwa dutu inayozizunguka hukubali kutanuka. Hivyo mfupa mrefu wa mtoto huhitaji bamba la gegedu karibu na kila ncha. Bamba hilo hukua, seli zake hupangika safu safu na kuvimba, mishipa ya damu huingia, na mfupa hujengwa mahali pake. Mwishoni mwa ujana bamba hufungika na kimo hukoma.

Mwaka 1858 Mjerumani Heinrich Müller alionesha kwa hadubini kwamba katika mchakato huo gegedu huondolewa na mfupa huchukua nafasi yake. Uhusiano wao, basi, ni wa kupokezana nafasi. Uchunguzi uliofanywa kwa panya mwaka 2014 uliongeza nuktanishi muhimu: baadhi ya seli za gegedu zilizovimba huendelea kuishi na kuwa seli zinazojenga mfupa. Dutu ya gegedu haigeuki kuwa mfupa, ila baadhi ya wajenzi wake huhamia katika kazi mpya.

5.0 Gegedu na nadharia ya seli

Nafasi ya gegedu katika historia ya biolojia ni kubwa kuliko inavyokumbukwa. Katika miaka ya 1830, Matthias Schleiden alikuwa akidai kwamba mimea yote imejengwa kwa seli. Kwa wanyama hali ilikuwa ngumu, kwani tishu zao nyingi hazioneshi kuta za seli zilizo wazi. Johannes Müller wa Berlin alikuwa ameona kwamba notokodi ya samaki ina vijumba vinavyofanana na seli za mimea. Theodor Schwann, aliyekuwa msaidizi wake, aliifuata dokezo hiyo. Alichunguza notokodi na gegedu la matamvua ya viluwiluwi vya chura, na humo akaona seli zilizotengana waziwazi, kila moja ndani ya kijumba chake, nyingine zikiwa na kiini.

Kitabu chake cha mwaka 1839 kilianza na tishu hizo mbili kwa sababu ndizo zilizomwezesha msomaji kuuona mmea ndani ya mnyama. Kutoka hapo alisonga kwenye tishu ngumu zaidi kuzisoma. Schwann alikosea alipodhani kwamba seli mpya huganda kutoka katika kimiminika kama fuwele. Robert Remak na Rudolf Virchow walisahihisha jambo hilo katika miaka ya 1850. Lakini daraja kati ya mimea na wanyama lilikuwa limeshajengwa, na nguzo yake ilikuwa gegedu.

6.0 Muundo na aina zake

Kwa maelezo ya sasa, gegedu ni tishu unganishi yenye seli chache zilizotawanyika katika dutu nyingi. Dutu hiyo ina nyuzi za kolajeni zinazozuia kupasuka, na molekuli kubwa za protioglikani zinazovuta maji na kuyashikilia. Katika gegedu la viungo, maji huwa takriban asilimia 65 hadi 80 ya uzito. Mtu anaposimama, maji husukumwa polepole, anapopumzika, hurudi. Mwaka 1969 Edward Miller na Vincent Matukas walitangaza kwamba kolajeni ya gegedu la kuku ni ya aina tofauti na ile ya mfupa na ngozi. Hivyo, hata kwa kemia ya nyuzi zake, gegedu halikuwa mfupa uliopungukiwa madini.

Aina zake kuu ni tatu. Ya kwanza ni gegedu angavu, ambalo jina lake la kimataifa limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kioo. Hili hufunika ncha za mifupa, huunganisha mbavu na kidari, huimarisha bomba la hewa, na ndilo linalounda gegedu la ngao na la pete katika koromeo. La pili ni gegedu nyumbufu, lenye nyuzi nyingi za elastini. Lipo katika sikio la nje na katika kidakatonge kinachoziba njia ya hewa wakati wa kumeza. La tatu ni gegedu nyuzi, lenye vifungu vinene vya kolajeni, linalopatikana kati ya pingili za uti wa mgongo na ndani ya goti.

Koromeo linaonesha kwa nini aina hizo si za darasani tu. Gegedu la ngao hukua haraka kwa mvulana anayebalehe, nyuzi sauti hurefuka, na sauti hushuka. Kadiri umri unavyosonga, magegedu angavu ya koromeo huanza kujengeka mfupa. Kidakatonge, kwa kuwa ni gegedu nyumbufu, hubaki kinapindika hadi uzeeni. Sauti ya mzee na sauti ya kijana zinatofautiana kwa sababu nyingi, na miongoni mwake ni historia ya gegedu ndani ya koo moja.

Jambo jingine linalozitambulisha tishu hizi ni kutokuwa na mishipa ya damu wala neva. Gegedu la goti hulishwa na ute wa kiungo unaoingia na kutoka kwa mgandamizo wa mwendo. Kwa kuwa halina neva, huanza kuharibika kimyakimya; kwa kuwa halina damu, haliponi kama mfupa uliovunjika. Utafiti wa mwaka 2016, uliotumia kaboni ya mnunurisho iliyosambazwa angani na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ulionesha kwamba kolajeni ya gegedu la goti la mtu mzima kwa hakika haibadilishwi na mpya. Mwaka 1994 madaktari wa Sweden walitangaza matokeo ya wagonjwa 23 ambao seli zao wenyewe za gegedu zilikuzwa maabara na kurudishwa gotini. Hatua hiyo ilifungua uwanja mpya wa tiba, lakini kauli ya Aristotle na ya Hunter haijafutwa.

Hata samaki wa Aristotle wamesimuliwa upya. Mwaka 2020 wanasayansi walieleza kisukuku cha samaki wa kale kutoka Mongolia, mwenye umri wa takriban miaka milioni 410, aliyekuwa na mfupa wa ndani, ilhali nasaba yake ilitengana na nyingine kabla ya papa na samaki wenye mifupa kuachana. Ushahidi huo unaelekeza kwamba wahenga wa papa walikuwa na mfupa na papa wakaupoteza. Gegedu la papa, basi, si hatua ya mwanzo ya kuelekea mfupa.

7.0 Jina na fasili katika Kiswahili

Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu maneno mengi ya utabibu, kama tabibu, dawa na maradhi. Neno ghudhruf halikushika mizizi; neno lililosimama ni gegedu. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (1996) inalitoa neno hilo kuwa kisawe cha tishu hii, na mazoea ya vitabu vya biolojia yamelithibitisha. Uteuzi huo ulikuwa mzuri. Ni neno fupi, lina umoja na wingi, gegedu na magegedu, na linakubali vivumishi vya kutofautisha aina.

Tatizo lipo katika fasili inayoliandama. Mara nyingi neno huelezwa kuwa ni mfupa laini. Fasili hiyo ina sifa ya kueleweka upesi, lakini inarudisha dai la Aristotle lililochukua karne nyingi kukanushwa. Akondroplasia, hali ya kuzaliwa inayosababisha kimo kifupi, inatoa funzo linalofanana. Jina hilo la karne ya 19 lina maana ya kutoumbika kwa gegedu. Mwaka 1994 iligunduliwa kwamba chanzo chake ni badiliko katika jeni liitwalo FGFR3, linalokaza breki ya ukuaji wa bamba la gegedu. Gegedu linaumbika, mwendo wake ndio unaozuiwa. Jina lilibaki, lakini fasili ilibadilishwa ili lisipotoshe.

Kwa Kiswahili suala hili si dogo. Nchini Tanzania mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali hujifunza sayansi kwa Kiswahili, kisha sekondari huikuta kwa Kiingereza. Fasili aliyoipokea ndiyo atakayoitumia kufasiri istilahi ya kigeni. Akiwa ameambiwa kuwa ni mfupa laini, atatarajia gegedu liwe na damu, liume linapojeruhiwa, na liunge linapopasuka. Matarajio yote matatu ni makosa.

Kwa mgonjwa athari ni kubwa zaidi. Katika mazungumzo ya kila siku husikika kwamba goti limeisha mafuta, au kwamba mifupa inasagana. Sitiari hizo si za kudharauliwa. Ya kwanza inakaribia ukweli kuhusu ute wa kiungo, na ya pili inaeleza kwa usahihi hatua za mwisho za ugonjwa. Lakini zote mbili zinaruka tishu yenyewe inayolika. Anayeamini kuwa mafuta yamekwisha atatafuta cha kuongeza; anayeamini kuwa mfupa umedhoofika atatafuta madini ya kuuimarisha. Asiyejua kwamba kuna tishu isiyojiponya, inayolishwa kwa mwendo na kuelemewa na uzito, hataona sababu ya kuilinda mapema.

Fasili inayofaa haihitaji kuwa ndefu. Gegedu linaweza kuelezwa kuwa ni tishu imara inayopindika, isiyo na mishipa ya damu wala neva, inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo na kushikilia umbo la sehemu kama sikio, pua na koromeo. Kisha aina zitajwe kwa vivumishi vinavyoeleweka: angavu, nyumbufu, nyuzi. Vivyo hivyo magegedu ya koromeo yanaweza kufundishwa kwa taswira zile zile zilizopita kutoka Kigiriki hadi Kiarabu: gegedu la ngao, gegedu la pete na magegedu ya upawa. Kiswahili kinazo ngao, pete na upawa. Hakina haja ya kumbebesha mwanafunzi wa fonetiki tamko la kigeni kabla hajaliona umbo.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba jina la tishu linaweza kudumu huku maarifa yake yakigeuka chini yake. Khondros ilianza kama chenga, ghudhruf ikawa mpatanishi wa kigumu na laini, na hadubini ikalifanya gegedu kuwa nguzo ya nadharia ya seli. Gegedu la pili la koromeo lilikaa karne nyingi bila jina, na hakuna aliyelichanganya na kitu kingine kwa sababu hiyo. Waliolitaja walieleza lilipo na linavyofanya kazi, na hilo lilitosha kulifikisha salama kutoka lugha moja hadi nyingine. Kiswahili kimelipata jina mapema. Kazi iliyobaki kwa watunga kamusi na waandishi wa vitabu vya kiada ni kulipa maelezo yanayolingana na kitu chenyewe.